Na Miye Nimo?

Ukindu wa kusukia mikeka unapochemshwa na rangi hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine. Ina ubichi wa majani yaliyolowa mvua, na ndani yake kuna ukali kidogo wa ile rangi ya unga, unaokaa puani hata baada ya kuondoka jikoni. Mama yangu huuchemsha nyuma ya nyumba yangu hapa Bungu, katika sufuria kuukuu ambayo nimemkataza mara nyingi kuichanganya na za chakula. Hunijibu kwamba tulikula wali wa zambarau tukiwa wadogo na hakuna aliyekufa. Mimi ni fundi cherehani. Harufu hiyo ikiingia dukani kwangu kupitia dirisha la nyuma, huiacha futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nikacheka peke yangu, na wateja wakadhani nimezidiwa na kazi. Wao siwaambii kinachonichekesha. Nyinyi nitawaambia.

Tulilelewa upande wa Salale, ndani kwenye mikoko, mahali ambapo ukitaka kwenda popote lazima kwanza uulize maji yakoje. Tulikuwa watoto wanane. Wa kwanza alikuwa dada Zuhura, ndiyo maana mama kila mtu alimwita Mama Zuhura. Wa pili alikuwa kaka Omari, wa tatu mimi, Somoe, na chini yangu kulikuwa na watano ambao sitawachosha kwa majina yao, isipokuwa kitinda mimba, Rehema, aliyekuwa bado ananyonya. Baba alivua kamba, na sehemu kubwa ya mwezi alikuwa dago, huko kwenye kambi za wavuvi, akirudi na ndevu ndefu na hadithi ambazo mama alizisikiliza huku akifua. Mambo yote ya nyumba yaliyohitaji mtu kutembea yalikuwa ya mama.

Kila baada ya miezi kadhaa alikwenda Kibiti. Ilikuwa safari ya siku moja na haikuwa na nafasi ya kuzubaa. Boti iliondoka kijijini maji yakiwa yamejaa alfajiri na kurudi yakijaa tena jioni. Ukichelewa jioni unalala huko huko, na mama mwenye watoto wanane hana pa kulala ugenini. Habari za safari yake zilikuwa zikienea kijijini tangu juzi yake, na watu wakaja mmoja mmoja mlangoni, wakianza na habari za afya na kumalizia na maagizo. Huyu chimni ya taa, yule dawa ya miguu ya mama mkwe, mwingine pazia la mlango. Sikuwahi kumsikia mama akimwambia mtu hapana.

Naye hakujua kuandika. Madrasa alisoma, juzuu alihitimu, lakini kalamu ya shule hakuishika. Orodha yake ilikuwa ya ukindu. Chimni ya taa aliizungushia ukindu na kukata palipokutana. Mlango wa jirani aliupima kwa ukindu mrefu aliouunga kwa fundo. Na sisi, ilipofika zamu ya viatu, alitusimamisha mmoja mmoja juu ya mkeka, akaulaza ukindu kutoka kisigino hadi kidole gumba, akaongeza upana wa kidole chake kimoja, "wa kukua," halafu akaukata kwa wembe ncha zote mbili, mshazari, kila mara mshazari. Kila mtoto alikuwa na rangi yake. Zuhura zambarau, Omari kijani, mimi nyekundu. Aliyekuwa na rangi ya manjano alilalamika maisha yake yote.

Vipimo vyote alivifunga pamoja kwa uzi, na hapo ndipo ulipoanza mchezo wetu, ambao mimi mpaka leo siuiti mchezo. Wadogo walimzunguka wakiuliza, "Mama, nimo?" Naye, huku akifunga, huku akipuliza moto, huku Rehema akiwa mgongoni anamvuta ushungi, alimjibu kila mmoja kwa zamu yake, "Umo." Aliyejibiwa alikwenda kucheza. Kulikuwa na mdogo wangu mmoja aliyekuwa akiuliza mara tatu, na mara tatu alijibiwa, kwa sauti ile ile, bila kuambiwa kwamba ameshajibiwa.

Sasa mwaka ninaousimulia, dada Zuhura alifaulu kwenda sekondari. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufika huko, na kwa mwezi mzima hapakuwa na mazungumzo mengine. Zuhura atalala bweni. Zuhura asibebe maji, atachubuka mikono. Katika barua ya shule, ambayo Omari aliisoma kwa sauti mpaka ikachanika kwenye mikunjo, kulikuwa na sharti la viatu vyeusi vya kufunika, na kwamba atakayefika bila viatu hivyo atarudishwa nyumbani. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Mama alikwenda Kibiti Jumamosi. Hapakuwa na safari nyingine katikati.

Nami nilichaguliwa kufuatana naye ili nimbebe Rehema. Furaha yangu iliishi mpaka Ijumaa jioni tu. Mama alipomaliza kupima na kufunga, nikahesabu rangi na sikuiona nyekundu. Nikauliza kama wenzangu wanavyouliza, "Mama, nimo?" Alikuwa na pini ya ushungi mdomoni. Akanijibu kupitia meno, "Weye si unakwenda mwenyewe? Utakuwamo vipi?" Wote walicheka, na Zuhura akamalizia kwamba kwanza mimi viatu ninavyo, nitavaa vyake vya zamani.

Hiyo ilikuwa kweli. Viatu kwetu vilishuka kwa zamu, na mimi ndiye niliyefuata chini ya Zuhura, kwa kuwa vya Omari vilikuwa vya kiume. Viatu vyangu vyote vilinifikia vikiwa vimeshajua njia. Lakini nililala na uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa wa viatu. Wote walikuwamo kwenye ule mzigo mdogo wa rangi rangi, na mimi simo.

Asubuhi tulipanda boti ya mashine, sisi na magunia ya dagaa na mzee mmoja na kuku wake. Mikoko ilikuwa imesimama ndani ya maji hadi kiunoni na hewa ilikuwa baridi ya kufanya mtu ajikunyate. Mama alinikabidhi kikapu nikipakate, vipimo vikiwa juu. "Shika hivi, ndiyo safari yenyewe," akaniambia, akageuka kuzungumza na nahodha kuhusu saa ya kurudi. Nikavitazama. Ukindu wa zambarau ulikuwa umejitokeza kuliko mingine, kwa sababu Zuhura ndiye aliyekuwa na mguu mrefu kuliko sote. Nikautia mdomoni.

Nataka mnielewe, mwanzoni nilitafuna tu kama mtoto anavyotafuna chochote. Ulikuwa na ladha ya chumvi na rangi. Kisha wazo likaja, na lilikuja likiwa limekamilika: kiatu kikimbana Zuhura, kitashuka kwangu kikiwa kipya. Nikaanza na ile sehemu ya kukua. Nikaitema majini. Nilipoona hakuna aliyegeuka, niliendelea, na tulipofika bandarini nilikuwa nimeshamla dada yangu vidole.

Kuanzia hapo mama alikimbia na mimi nikamkimbilia nyuma, na sijui kama nimewahi tena kumwona mtu akiipangua siku namna ile. Kutoka bandarini alitupatia nafasi mbele kwenye Canter ya kamba kwa kumwonyesha dereva Rehema tu, bila kusema neno, na tulipopita Bungu alikuwa ameshajua dereva anarudi saa ngapi na atatuchukulia wapi. Kibiti tulianzia kliniki. Foleni ilikuwa imetoka hadi nje ya mlango. Mama aliliweka begi lake nyuma ya mwanamke wa mwisho, akamsalimia, akauliza kwao ni wapi, akagundua kwamba ana shangazi aliyeolewa Mbwara, na ndani ya dakika chache begi lilikuwa na mlinzi wa kulishikia foleni, nasi tupo kwa mpiga picha tukichukua picha za pasipoti za Zuhura, alizompiga alipopita kijijini. Kwa fundi aliacha sketi ya shule ipunguzwe upindo. Kwa muuza chimni alisimama, akazungusha ukindu, akakataa mbili, akachukua ya tatu. Tuliporudi kliniki begi lilikuwa limefika la nne kutoka mbele. Rehema alipopigwa sindano na kulia, mama alikuwa ameshalegeza kanga kumnyonyesha kabla kilio hakijakolea, na huku akinyonyesha alinikumbusha nisivikalie vipimo.

Sikuvikalia. Nilitamani ningevipoteza. Kadiri siku ilivyosonga ndivyo nilivyoanza kuona nilichokifanya. Kila kitu alichokigusa kilikuwa cha mtu fulani: pazia la huyu, dawa ya yule, upindo wa Zuhura. Tangu alfajiri yeye mwenyewe alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha chai, na hata hicho alikinywa amesimama. Na mimi, niliyepewa kazi moja tu ya kushika, nilikuwa nimeitafuna. Nilijiambia nitamwambia tukirudi kwa fundi kuichukua sketi. Tukatoka kwa fundi. Nikajiambia nitamwambia tukishanunua sukari.

Viatu aliviacha mwisho, kwa sababu ndivyo alivyoviogopa zaidi. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye banda karibu na stendi, viatu vimening'inizwa juu kwa kamba zao. Alimwamkia mama, mama akaitikia marahaba na kumkabidhi mzigo wa ukindu. Kijana akaugeuza geuza mkononi. Bila shaka alikuwa ameshawaona wateja wa kutoka deltani, maana hakuuliza ni nini, ila aliuchomoa ule mrefu wenye fundo na kuuachia ukaning'inia mpaka chini.

"Mama, na huyu naye ni mtoto?"

"Huyo ni mlango wa jirani yangu," mama akajibu. "Nitafutie mwenye zambarau."

Nilicheka kwa kulazimisha, na kicheko kikanikauka pale kijana alipouingiza ukindu wa zambarau ndani ya kiatu cheusi chenye kishikizo pembeni. Kilikuwa kizuri kupita viatu vyote nilivyowahi kuviona. Ukindu ulilala ndani yake barabara, mwanzo hadi mwisho. Kijana akasema kimekaa pale pale, hakuna cha kubishana, na akaanza kutafuta mfuko.

Mama hakuutazama ule ukindu. Alikichukua kiatu, akakunja mkono wake wa kushoto, akakilaza upande wa ndani wa mkono, kisigino kwenye kiwiko. Karibu na kifundo cha mkono alikuwa na kovu la mafuta ya maandazi, jeupe, la ukubwa wa punje ya hindi. Ncha ya kiatu haikufika kwenye kovu. Akakisogeza, akakirudisha. Haikufika. Hapo ndipo alipouchomoa ukindu na kuinua mwisho wake karibu na macho. Mwanzo wake ulikuwa umekatwa mshazari kwa wembe. Mwisho wake ulikuwa na nyuzi nyuzi na alama za meno.

Akanitazama. Mimi nikamtazama Rehema, nikamfuta uso ambao haukuwa na kitu. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitalia, na nisipoufungua, dada yangu atafika shule Jumatatu na kurudishwa mbele ya watu, na barua yake iliyochanika kwenye mikunjo. Sikuufungua. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa vizuri kuwaambia kwamba nilikiri pale pale. Sikukiri.

"Nipe kinachofuata, mwanangu," mama akamwambia kijana. "Huyu mtoto amekua njiani."

Kijana alicheka sana, akaleta kingine. Mama akakilaza mkononi, ncha ikafunika kovu na kupita kidogo, upana wa kidole kimoja. Akaridhika. Kisha vipimo vyote akavifunga tena kwa uzi, na ule wa zambarau ukiwemo, akanirudishia mikononi. "Shika," akasema, sauti ile ile ya asubuhi. Afadhali angenipiga.

Tuliwahi boti. Jua lilikuwa bado kali lakini maji yalikuwa yameshapanda, na nahodha aliyekuwa akitungoja alitutania kwamba Mama Zuhura ameinunua Kibiti yote. Mama aliketi kati ya mifuko, akamlaza Rehema mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri nikaona mikono yake haifanyi kitu. Tulipokwisha kuingia kwenye mikoko, akaniuliza kwa utulivu, bila kunigeukia:

"Ulikuwa na njaa, Somoe?"

Nikalia. Nililia mpaka mwenye kuku akahamia mbele. Nikamwambia yote, viatu, mguu, kushuka, na katikati ya kamasi nikamwambia lile lenyewe, kwamba wote wamo na mimi simo.  Mama alimhamishia Rehema upande mwingine, akaushika mguu wangu wenye vumbi la Kibiti, akauvua ndala, akaulaza juu ya mkono wake, kisigino kwenye kiwiko. Ngozi yake ilikuwa na joto. Kwa kidole cha mkono wa pili akaonyesha kilipoishia kidole changu gumba, chini ya kovu kwa nafasi ya vidole vitatu.

"Zuhura anaishia hapa kwenye kovu. Omari hapa. Weye hapa." Akashuka taratibu kuelekea kwenye kiwiko, akimtaja kila mmoja na mahali pake, hadi kwa Rehema ambaye hakuchukua hata nusu ya mkono. "Mmo nyote. Ukindu ukipotea baharini miye nawanunulia viatu."

Akanirudishia ndala yangu. Hakulitaja tena jambo hilo, wala Zuhura hakuambiwa. Viatu vilimkaa, alikwenda shule, alirudi likizo akiwa anazungumza kwa maringo, na baada ya miaka miwili vile viatu vyeusi vilishuka kwangu kwa zamu yake ya kawaida, kishikizo kimoja kimelegea.

Siku ile nilichokielewa ni kwamba nimenusurika kuchapwa, na kwamba mama yangu ana mkono wa ajabu. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama sifa ya huo mkono. Ni baada ya kuzaa wangu wanne, na kuanza mwenyewe kukimbia kati ya shule na zahanati na duka, ndipo swali liliponijia ambalo lingepaswa kunijia kwenye boti: kama vipimo vyote alikuwa navyo mkononi, ukindu ulikuwa wa nini? Kwa nini mwanamke asiye na dakika ya kukaa alitumia jioni nzima kuwasimamisha watoto juu ya mkeka, kuchagua rangi, kukata mshazari?

Nilimuuliza. Alikuwa anasuka, na hakuacha. Akasema chimni na milango ndivyo alivyopimia ukindu. Kwa watoto hakuwahi kuuhitaji. "Lakini mtoto haoni kilicho kichwani mwako," akaniambia. "Akipimwa anatulia. Anajua yumo." Halafu akasema alikosea siku ile kutonipima na mimi, kwa kuwa alikuwa na haraka, na kwamba alilijua kosa lake pale pale bandani aliposhika ule mwisho uliotafunwa. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikidhani kosa lilikuwa langu peke yangu. Niliondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya cherehani yangu kwa muda, bila kushona.

Mama sasa miguu inamvimba na hatoki sana. Mwezi uliopita nilikuwa najiandaa kwenda Dar es Salaam kuchukua vitambaa na viatu vya watoto. Wanangu nimewazoesha, nao huja mmoja mmoja kuuliza, nami huwajibu mmoja mmoja, hata simu ikiwa sikioni. Nilipomaliza kuwafunga kwenye uzi, mama aliyekuwa kwenye mkeka wake uani, amezungukwa na ukindu wa rangi zote, aliunyoosha mguu mmoja mbele na kunitazama kwa jicho la utani ambalo halikuwa la utani mtupu.

"Na miye nimo?"

Nikamwambia umo, mama. Kipimo chake nilikuwa nacho mkononi siku nyingi, najua kinapoishia na kwa kiasi gani kimeongezeka kwa uvimbe. Nikachagua ukindu mwekundu, nikapiga magoti juu ya mkeka, nikampima.